Filamu Fupi, Mazungumzo Marefu

Wazazi wengi wa mijini wamekwisha kuizoea hali hii: jioni inapoingia, watoto huwekwa mbele ya televisheni au hukabidhiwa simu, katuni huanza, na nyumba huwa kimya. Kimya hicho hupokewa kwa shukrani. Mama hupata nafasi ya kuinjika chungu, na baba hupata nafasi ya kupumzisha miguu baada ya kazi ya kutwa. Lakini kimya kikizidi mno hugeuka kuwa deni. Mtoto aliyekaa saa tatu mbele ya kioo huinuka hapo hana neno la kumwambia mtu, wala hapana mtu aliyemwuliza neno.

Katika makala haya nataka kuzungumza juu ya katuni za namna nyingine, nazo ni zile fupi zitengenezwazo Japani, zenye urefu wa dakika 2, 5, 10 au 15. Nimezitazama sita kati ya hizo kwa jioni tatu huko Lamadi, nyumbani kwa dada yangu, pamoja na mumewe, watoto wao, na bibi mzaa baba ambaye umri wake umepita miaka 70. Niliyoyaona yamenithibitishia jambo moja. Thamani ya filamu fupi haimo katika yale inayoyaonyesha tu. Imo pia katika muda inaouacha. Filamu inapokwisha kwa dakika 12, jioni ingali ipo, na watu wa nyumba hawana budi kutazamana na kuulizana.

MJI WA NJIA PANDA

Lamadi ni mji wa wilaya ya Busega, mkoani Simiyu, kandokando ya Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria. Hapo ndipo barabara ya kwenda Bariadi inapochepuka kutoka barabara kuu ya Mwanza na Musoma, na si mbali na hapo liko lango la Ndabaka la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Zamani sehemu hiyo ilikuwa ya wilaya ya Magu, mkoa wa Mwanza, mpaka mwaka 2012 ulipoundwa mkoa mpya wa Simiyu. Wakazi wake ni wavuvi, wakulima, wafugaji, wachuuzi wa dagaa, mafundi wa magari na watu wa mahoteli ya wasafiri. Usiku usio na mwezi, taa za wavuvi wa dagaa huonekana ziwani kama mji wa pili ulioota juu ya maji.

Katika mji wa namna hiyo Japani hujulikana zaidi kwa vyuma vyake. Mvuvi huijua kwa injini ya Yamaha iliyofungwa nyuma ya mtumbwi, na fundi huijua kwa magari yanayolala uvunguni mwake. Kwamba nchi hiyohiyo hutengeneza pia hadithi za dakika chache, zilizochorwa kwa mkono au kushonwa kwa sufu, ni habari ambayo haijawafikia wengi.

Hata hivyo, wazee wa huku si wageni wa sinema. Televisheni ilianza kuonekana Tanzania Bara mwaka 1994 tu, miaka 20 hivi baada ya Zanzibar, lakini kabla ya hapo lilikuwako gari la sinema lililopita vijijini na kutundika shuka jeupe uwanjani. Baadaye yakaja mabanda ya video, na pamoja nayo wale watafsiri wenye ndimi nyepesi waliosimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Mmoja wao aliyepata sifa kubwa ni Derek Mukandala wa Dar es Salaam, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Hakutafsiri maneno peke yake. Alieleza, alionya, alitania, na aliwapa wahusika majina ya huku kwetu.

Jambo la kupendeza ni kwamba Wajapani nao walikuwa na watu wa kazi hiyo. Wakati wa filamu bubu, mpaka miaka ya 1930, kando ya kitambaa cha sinema alisimama msimulizi aliyeitwa benshi, na watazamaji wengine waliingia kwa ajili ya sauti yake kuliko kwa ajili ya picha. Filamu ya kwanza tuliyoitazama ni ya enzi hiyo. Jina lake ni Namakura Gatana, yaani Upanga Butu, nayo iliundwa na Jun'ichi Kōuchi mwaka 1917, wakati huku kwetu Waingereza na Wajerumani walipokuwa bado wanapigana vita vyao juu ya ardhi yetu. Ni filamu ya dakika 4 hivi. Askari mwenye majivuno anunua upanga mbovu, ataka kuujaribu kwa mpita njia kipofu, naye kipofu amshinda. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa imepotea, hata nakala yake ikaonekana katika soko la vitu vya kale mjini Osaka, na habari hiyo ikatangazwa mwaka 2008. Kwa kuwa haina sauti, kijana wa nyumba, mwanafunzi wa sekondari, alijitwalia kazi ya Lufufu, na watoto wakacheka mpaka machozi yakawatoka.

KAZI ILIYOMO NDANI YA SEKUNDE MOJA

Yafaa kwanza msomaji apate picha ya kazi yenyewe, maana watu wengi huidharau katuni kwa kudhani kuwa ni mchezo. Filamu ya kawaida hupita mbele ya macho kwa kasi ya picha 24 kila sekunde. Jicho haliwahi kuzitenga picha hizo moja moja, hivyo huona mwendo. Mchoraji aweza kuutumia mchoro mmoja kwa picha 2 au 3, na kubana huko kumezoeleka sana Japani tangu Osamu Tezuka alipoanza kuonyesha Tetsuwan Atomu katika televisheni mwaka 1963. Lakini hata kwa kubana hivyo, sekunde moja hudai michoro 8. Dakika 12 ni sekunde 720. Zidisha, nawe utapata michoro 5,760. Hakuna mtu awezaye kuuita mchezo mzigo wa namna hiyo.

Ziko pia katuni zisizochorwa. Pui Pui Molcar, iliyoongozwa na Tomoki Misato na kuonyeshwa mwaka 2021, imefanywa kwa wanasesere wa sufu ambao husogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha kila wanaposogezwa. Humo magari ni simbilisi, wale wanyama wadogo wafugwao kama sungura, wenye magurudumu badala ya miguu, na wanadamu wamo matumboni mwao wakiendesha. Kila sehemu haifiki dakika 3, na ziko 12. Hayasemwi maneno humo, ila milio ya simbilisi tu, kwa hiyo mtoto wa miaka minne na bibi yake huelewa sawasawa.

Sehemu ya kwanza yahusu msongamano wa magari, nayo huuliza kosa ni la nani. Ilipokwisha, watoto walitaka irudiwe. Baba yao, ambaye ni fundi wa magari pale njia panda, alikubali kwa sharti kwamba kwanza kila mmoja amjibu: ni nani aliyeziba njia, na gari la wagonjwa lipitishweje? Mabishano yaliyofuata yalikuwa marefu kuliko filamu yenyewe mara tano. Mtoto wa pili alileta habari za bodaboda zinazokata kushoto na kulia mbele ya mabasi, na mdogo wake akashikilia kwamba hata watembea kwa miguu wana makosa yao. Mimi sijapata kuona somo la usalama barabarani lililosikilizwa kwa makini kama lile.

FUNDI NA VITU VILIVYOTUPWA

Filamu iliyomgusa baba wa nyumba kuliko zote ni Tsukumo, iliyoongozwa na Shuhei Morita. Ina dakika 14, ilitoka mwaka 2012, na mwaka 2014 ilikuwa miongoni mwa zilizoshindania tuzo ya Oscar. Imejengwa juu ya imani ya kale ya Wajapani kwamba chombo kikifikisha miaka 100 hupata roho, na kikitupwa ovyo huweza kukasirika.

Mtu mmoja mwenye kifua kipana, aliyebeba sanduku la zana mgongoni, apotea mlimani katika dhoruba. Ajificha katika kibanda cha ibada kilichochakaa. Humo ndani miavuli mibovu yaanza kumchezea, na vitambaa vikuukuu vyamzunguka. Mtu mwingine angalikimbia, au angalitafuta mganga. Yeye afungua sanduku lake, atoa gundi, sindano na karatasi, akaanza kutengeneza. Ashona palipochanika, abandika palipotoboka, na kila kitu akishukuru kwa utumishi wake.

Hapo shemeji yangu alinyanyua kichwa. Alisema kwamba kwa miaka yote aliyoshika spana hajapata kuona sinema ambayo shujaa wake ni mtu wa kutengeneza. Mashujaa wote aliowajua kazi yao ni kuvunja. Maneno hayo yana uzito wake. Watoto wetu wanakua katika dunia ambayo kitu kikiharibika hutupwa, na fundi wa viatu, fundi wa redio na fundi wa miavuli wanazidi kuadimika mitaani. Filamu ya dakika 14 iliyomfanya mtoto amtazame baba yake kwa heshima mpya, kwa sababu mikono yake ni kama ile ya mtu wa kwenye picha, haikupita bure.

SI KILA KATUNI NI YA WATOTO

Hapa budi nitoe tahadhari. Liko kosa lililoenea la kudhani kwamba kila kilichochorwa kimekusudiwa watoto. Huko Japani watu wazima nao wana katuni zao, na baadhi yake hazifai kabisa kuonekana na mtoto.

Mfano ni Atama-yama ya Kōji Yamamura, filamu ya dakika 10 iliyotoka mwaka 2002, ambayo mwaka 2003 ilipata tuzo kuu ya katuni fupi katika tamasha la Annecy, Ufaransa. Yasimulia habari za bahili mmoja asiyekubali kutupa chochote, ambaye ala matunda ya mcheri pamoja na kokwa zake. Kokwa yaota kichwani, mti wakua, na maua yanapochanua watu wamiminika kufanya karamu juu ya utosi wake, wakilewa na kupiga kelele. Kwa hasira aung'oa mti. Shimo lililobaki lajaa maji, na sasa watu waja kuogelea. Mwisho wake, mtu yule, akiwa amechoshwa na maisha, ajitosa katika dimbwi lililomo kichwani mwake mwenyewe.

Hadithi hiyo imetokana na masimulizi ya kale ya mdomo, na msimulizi wake huighani kwa sauti inayopanda na kushuka huku akipiga ala ya nyuzi. Mtu mzima huifurahia, kwani ubahili wa namna hiyo anaujua, na tumbo la kicheko lina mwiba ndani yake. Lakini mtu kujiua si jambo la kumwekea mtoto mdogo mbele ya macho na kumwacha nalo peke yake. Dada yangu aliwapeleka wadogo kulala kwanza, akabaki na yule wa sekondari, na baada ya filamu akazungumza naye taratibu juu ya mtu aliyezidiwa na mawazo na jinsi ya kumsaidia. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu mimi nilikuwa nimekwisha kuitazama na kumweleza mwisho wake. Mzazi ambaye hana wa kumdokezea na aitazame mwenyewe kwanza; dakika 10 si mzigo.

Kinyume chake ni Kanojo to Kanojo no Neko, maana yake Yeye na Paka Wake, filamu ya dakika 5 isiyo na rangi. Msimulizi ni paka aitwaye Chobi, aliyeokotwa na mwanamke siku ya mvua. Mwanamke huyo aishi peke yake mjini, hutoka asubuhi kwenda kazini na kurudi jioni. Siku moja, baada ya mazungumzo marefu ya simu, alia. Paka hajui sababu, nasi hatuambiwi. Makoto Shinkai aliitengeneza filamu hiyo mwaka 1999 karibu peke yake, kwa kompyuta yake, katika saa alizojibania wakati akiwa bado ameajiriwa katika kampuni ya michezo ya kompyuta. Sauti ya paka ni yake mwenyewe. Leo ni miongoni mwa waongozaji wa katuni wanaojulikana sana duniani.

Watoto hawakuona kitu cha ajabu katika filamu hiyo zaidi ya paka. Lakini dada yangu, ambaye binti yake mkubwa amepanga chumba Dar es Salaam na kufanya kazi huko, alinyamaza kidogo, kisha akaomba simu. Waliongea mpaka salio likaisha.

MAJI YANAPANDA

Sasa naja kwenye filamu ambayo kwa hakika ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Jina lake ni Tsumiki no Ie, ambalo tungeweza kulieleza kuwa ni nyumba ya vipande vya kuchezea vinavyopangwa kimoja juu ya kingine. Iliundwa na Kunio Katō, ikatoka mwaka 2008, ikashinda huko Annecy mwaka huohuo, na Februari 2009 ikapata tuzo ya Oscar ya katuni fupi, ikiwa filamu ya kwanza ya Japani kupata tuzo hiyo. Ina dakika 12 na haina mazungumzo.

Mzee mmoja mjane aishi peke yake katika mji ambao umemezwa na maji. Kila maji yanapopanda mpaka sakafuni, ajenga chumba kingine juu ya kile cha zamani, ahamisha vitu vyake, na kuanza upya. Nyumba yake imekuwa mnara mwembamba, na sehemu kubwa ya mnara huo imo chini ya maji. Siku moja, akihama, kiko chake cha tumbaku chadondoka majini. Anunua vazi la kuzamia, ashuka kukifuata.

Akipata kiko katika chumba cha chini, hamrudii juu. Aona kitanda, na palepale amkumbuka mkewe alipokuwa mgonjwa. Afungua mlango wa sakafuni, ashuka tena. Chumba cha pili chamrudishia siku za binti yake mkubwa. Cha tatu, utoto wa binti huyo. Kila anavyoshuka ndivyo umri wake unavyorudi nyuma, hata afika chini kabisa, penye nchi kavu ya zamani, ambapo yeye na mkewe, wakiwa vijana, waliweka tofali la kwanza. Huko aokota bilauri. Mwisho twamwona amerudi mezani peke yake, amejaza bilauri mbili, azigonganisha.

Ilipokwisha, hapana aliyesema irudiwe. Watoto walikuwa wakimtazama bibi yao, na bibi alikuwa akitazama kioo kilichokwisha kuzimika.

Lazima msomaji aelewe kwamba habari ya maji kupanda si ngano kwa watu wa ghuba hii. Mwishoni mwa mwaka 1961, miezi ileile Tanganyika ilipokuwa ikijiandaa kupokea Uhuru, zilinyesha mvua kubwa mno katika nchi zote zinazolizunguka ziwa. Kati ya mwaka huo na mwaka 1964 Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2. Ufuko wa ghuba ni tambarare, kwa hiyo mita 2 za kwenda juu ni hatua nyingi sana za kwenda bara. Kisha, Mei 2020, maji yalifika tena kiwango ambacho hakikupata kuonekana tangu 1964, na mwaka 2024 yakapanda tena. Mialo, vibanda, mashamba na nyumba za kandokando ya ziwa, Tanzania, Kenya na Uganda, viliingiwa na maji.

Bibi alianza kusema bila kuulizwa. Alisema kwamba alikuwa msichana mdogo mvua zile zilipokuja, na kwamba mji wa baba yake ulikuwa mahali ambapo leo mitumbwi hupita. Walihama mara mbili. Mara ya kwanza walibeba kila kitu. Mara ya pili maji yalikuja usiku, wakabeba watoto na ndama. Mama yake aliyaacha mafiga yake, mawe matatu aliyopewa na mkwewe siku alipoolewa, na aliyasikitikia mpaka alipokufa.

Mjukuu wa kike, mwenye umri wa miaka tisa, alimwuliza, “Bibi, mafiga hayo bado yapo?”

“Mafiga hayaozi, mjukuu wangu,” akajibu. “Yapo palepale. Ni sisi tuliohama.”

Wakati huo nilimtupia jicho shemeji yangu. Ni mtu wa miaka hamsini, amezaliwa na mama huyo na kuishi naye maisha yake yote, lakini uso wake ulionyesha dhahiri kwamba habari ya mafiga alikuwa akiisikia kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyemficha. Haikupata kutokea jioni ambayo mtu alimwuliza mama huyo swali linalofanana na jibu hilo. Tulikaa mpaka saa nne na nusu za usiku. Tulijua majina ya majirani wa zamani, mti waliokuwa wakikutania, na njia ya ng'ombe iliyoshuka majini. Mwanafunzi wa sekondari alichukua daftari lake la jiografia, akachora nyuma yake ramani ya mji ule kama bibi alivyokuwa akimwelekeza: hapa zizi, hapa ghala, hapa jiko.

TUNA VYUMBA VINGI CHINI YA MAJI

Nimeyaeleza hayo kwa sababu twaweza kuyakosa kwa urahisi sana. Wazee waliokuwa na akili timamu wakati wa mvua za Uhuru wanazidi kupungua kila mwaka. Kila mmoja wao ni nyumba ya ghorofa nyingi, na kwa kawaida sisi twaishi naye katika chumba cha juu tu: twajua dawa anazokunywa na chakula asichokipenda. Vyumba vya chini hatuviingii. Siku atakapoondoka, maji yatafunika mpaka darini, wala hapana duka linalouza vazi la kuzamia huko.

Wala tusidhani kwamba kazi hii ya kuzamia ni ya Wajapani peke yao. Afrika Mashariki imekwisha kuanza. Tinga Tinga Tales, zilizoanza kuonyeshwa mwaka 2010, zilitengenezwa Nairobi kwa kufuata mtindo wa picha ulioanzishwa Dar es Salaam na marehemu Edward Saidi Tingatinga. Tangu mwaka 2014 Ubongo Kids, inayotengenezwa Dar es Salaam, imewafundisha watoto hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Raymond Malinga wa Uganda alitoa mwaka 2017 filamu fupi juu ya kalabanda, zimwi linalotisha wanafunzi wa mabweni huko kwao. Mwaka 2023 mkusanyo wa katuni fupi 10 za Kiafrika ulitolewa ulimwenguni kwa jina la Kiswahili, Kizazi Moto, na mojawapo, Enkai, ni kazi ya Ng'endo Mukii wa Kenya.

Usukumani nako hazina imejaa. Nani wa huku asiyeijua habari ya Masalakulangwa, kijana aliyeliua zimwi Shing'weng'we na kulipasua tumbo, wakatoka watu na mifugo yote iliyokuwa imemezwa? Hadithi hiyo yatosha dakika 12 barabara. Na Shinkai na paka wake ametuonyesha kwamba kijana mmoja, kompyuta moja na saa za jioni vyaweza kuzaa filamu inayotazamwa zaidi ya miaka 20 baadaye. Filamu ndefu hutaka kampuni na mamilioni. Ya dakika 5 hutaka uvumilivu, na mtu wa kuhadithia. Mchoraji chipukizi wa Bariadi au Magu hakosi wa pili, kama atakwenda kuketi karibu naye.

Kwa wazazi, ushauri wangu ni mwepesi kuufuata. Chagueni filamu moja kwa jioni moja, wala msiruhusu ya pili ifuate ya kwanza papo hapo. Mtangulie kuitazama nyinyi, hasa iwapo hamjui mwisho wake. Kaeni pamoja na watoto, msiwaache nayo. Kama ina maneno ya kigeni, mpeni kijana wa nyumba kazi ya kuyatafsiri. Atajifunza lugha mbili kwa mara moja. Na inapokwisha, zimeni kioo, kisha ulizeni swali moja lisilo na jibu la ndiyo au siyo. Yule mwanamke alilia kwa nini? Njia ilizibwa na nani? Kama nyumba yetu ingefunikwa na maji, ungeshuka kufuata kitu gani?

Swali hilo la mwisho, msianze kwa watoto. Anzeni kwa mkubwa kuliko wote aliyepo nyumbani, kisha mnyamaze, mumsikilize.